Jinsi ya Kuchagua Kirai cha Patisipo katika Sentensi ya Kiingereza

Rasimu moja ya ripoti ya kampeni ya chanjo iliyowahi kuletwa mezani kwangu ihaririwe ilikuwa na sentensi hii: “Having been vaccinated, the nurses sent the children home.” Mwandishi wake, ambaye Kiingereza chake kwa jumla kilikuwa kizuri, alikusudia kusema kwamba watoto walipokwisha kuchanjwa, wauguzi waliwaruhusu kurudi nyumbani. Kiingereza alichokiandika kinasema wauguzi ndio waliochanjwa. Hakuna neno lililokosewa tahajia humo wala kitenzi kilichoharibika umbo, na ndiyo maana kosa la namna hii hupita mikononi mwa watu watatu au wanne bila kuonekana, mpaka limfikie msomaji ambaye hakuwapo kituoni na hana njia nyingine ya kujua nani alichanjwa.

Kinachozungumziwa hapa ni patisipo, yaani umbo la kitenzi cha Kiingereza lisilobeba nafsi wala njeo. Yapo maumbo mawili ya msingi: lile lenye “-ing”, kama “walking” na “building”, na lile ambalo shuleni tulilizoea kwa jina la umbo la tatu, kama “written”, “broken” na “vaccinated”. Kutokana na hayo mawili, kwa msaada wa “having” na “being”, hupatikana mengine: “having written”, “being written”, “having been written”. Patisipo ikifuatana na maneno yake huwa kirai, na kirai hicho hukaa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa sentensi kikieleza nani alikuwa katika hali gani, lini, au kwa sababu ipi. Wanafunzi wa Kidato cha Nne Tanzania na watahiniwa wa KCSE Kenya hukutana nacho katika maswali ya kuandika upya sentensi, pale wanapoagizwa waanze na “Having”. Baada ya shule hukutana nacho katika barua za kuomba kazi, ripoti na tasnifu, ambako hakuna anayewaagiza waanze na nini.

Ugumu wa jambo hili kwetu hautokani na uzembe. Kitenzi cha Kiswahili hakiondoki nyumbani bila mwenyewe. Ukisema “akitembea”, ile “a-” imekwisha kumtaja mtu; ukisema “nikitembea”, ni mimi; ukisema “ikitembea”, ni meli au simu au treni. “Walking” haina kiambishi hata kimoja cha kutueleza ni nani. Msomaji wa Kiingereza akiikuta mwanzoni mwa sentensi huishika mkononi kwa muda, husubiri kiima cha kishazi kikuu kitokee, kisha humkabidhi kiima huyo kitendo, awe anastahili au hastahili. Uchaguzi wote unaofuata unategemea kukirudisha akilini kile kiambishi ambacho Kiingereza kimekiacha.

Hatua ya kwanza: mrudishe mtenda

Litunge wazo lako kwa Kiswahili kwanza, hata kama ni kichwani tu, kwa vitenzi kamili vyenye nafsi, kisha linganisha viambishi vya kiima vya vitenzi vyake viwili. Chukua sentensi “Nilipofungua mlango, nilimwona nyoka.” Vitenzi vyote viwili vinaanza na “ni-”, na mtenda ni mmoja, basi unaweza kuandika kwa utulivu “Opening the door, I saw a snake.” Sasa chukua “Nilipokuwa nikitembea kwenda nyumbani, simu yangu iliibwa.” Kitenzi cha kwanza kina “ni-”, cha mwisho kina “i-”. Ukiandika “Walking home, my phone was stolen,” umeipa simu safari uliyoifanya wewe. Una njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kumfanya mtembeaji awe kiima cha kishazi kikuu: “Walking home, I had my phone stolen.” Ya pili ni kuacha kirai na kuandika kishazi kamili: “While I was walking home, my phone was stolen.” Binafsi huichagua ya pili mara nyingi zaidi, kwa sababu haimlazimishi mwandishi kupindisha kishazi kikuu ili kukiokoa kirai ambacho hakikuwa na ulazima wowote.

Kipimo hicho hicho hufanya kazi kwa vitu na mahali. “Built by the Portuguese between 1593 and 1596, Fort Jesus still faces the entrance to the old harbour of Mombasa” ni sentensi salama, maana ngome ndiyo iliyojengwa na ndiyo inayoelekea lango la bandari ya kale. Lakini vipeperushi vya utalii hupenda kuandika kitu kama “Built by the Portuguese between 1593 and 1596, visitors can see the old cannons of Fort Jesus,” na hapo waliojengwa na Wareno ni wageni. Vivyo hivyo “Rising to 5,895 metres, Mount Kilimanjaro draws climbers from every continent” iko sawa, ilhali “Rising to 5,895 metres, climbers need several days to reach the top” inawainua wapandaji badala ya mlima.

Jichunge sana na vimilikishi. Katika “Being a holder of a diploma in nursing, my application deserves your attention,” neno “my” humfanya mwandishi adhani amejitaja, lakini kiima ni “application”, na ombi halijawahi kusomea uuguzi. Kiswahili kingetuonyesha mara moja: “Kwa kuwa ni-na stashahada, ombi langu li-nastahili.” Andika “Being a holder of a diploma in nursing, I meet the first requirement of the post,” au, kwa wepesi zaidi, “I hold a diploma in nursing.”

Kipimo hiki kina mianya miwili ambayo ni lazima niitaje. Mwanya wa kwanza ni kwamba viambishi vinaweza kulingana huku watu wakiwa tofauti. Ile sentensi ya chanjo ni mfano wake: watoto ni “wa-” na wauguzi ni “wa-”. Kwa hiyo usiishie kwenye herufi. Weka jina mbele ya kila kitenzi, “watoto walichanjwa, wauguzi waliwaruhusu”, ndipo utaona kwamba hawa si wale. Mwanya wa pili uko katika Kiswahili chenyewe. Tukitumia “baada ya” au “kwa” na kitenzi cha “ku-”, nasi pia humficha mtenda. “Baada ya kumaliza mtihani, msimamizi alikusanya karatasi” ni sentensi tunayoisema kila siku, na hatusumbuki kuuliza nani alimaliza. Mwanafunzi akiitafsiri moja kwa moja hupata “Having finished the exam, the invigilator collected the papers,” ambamo msimamizi ndiye aliyefanya mtihani. Kila unapoona “ku-” ya namna hiyo katika wazo lako, ibadilishe kwanza iwe “-lipo-” yenye nafsi, kisha ndipo upime.

Hatua ya pili: anatenda au anatendwa?

Ukishampata mwenye kirai, uliza kama yeye ndiye anayefanya au ndiye anayefanyiwa. Akifanya, tumia “-ing”. Akifanyiwa, tumia umbo la tatu. Hili tunalo katika kauli zetu wenyewe: “reli inayounganisha Mombasa na Nairobi” ni “the railway linking Mombasa and Nairobi”, na “reli iliyofunguliwa mwaka 2017” ni “the railway opened in 2017”. Sentensi moja inaweza kubeba vyote viwili bila kulemewa: “The railway linking Mombasa and Nairobi, opened in 2017, runs beside the older line for much of its length.”

Sehemu inayohitaji umakini zaidi ni “being”. Kiswahili hugawa kauli ya kutendwa kwa nyakati tatu zilizo wazi, na kila moja ina sura yake katika Kiingereza. Barabara iliyojengwa ni “the road built last year”. Barabara inayojengwa sasa hivi, wafanyakazi wakiwa bado juu yake, ni “the road being built”. Barabara itakayojengwa ni “the road to be built”. Mpaka hapo njia ni nyoofu. Lakini “-na-” yetu hubeba mambo mawili, lile linaloendelea sasa na lile la kawaida, na Kiingereza huyatenganisha. Vitabu vinavyouzwa dukani humu, kila siku, kama ilivyo desturi ya duka, ni “the books sold in this shop”. Ukiandika “the books being sold in this shop”, msomaji ataelewa kwamba kuna mauzo maalumu yanayoendelea wakati huu. Kabla ya kuandika “being”, jiulize kama ungeweza kuongeza “hivi sasa” katika Kiswahili chako bila kuharibu maana. Ikiwa huwezi, “being” haihitajiki.

Vitenzi visivyo na yambwa, yaani visivyo na mtu au kitu cha kutendewa, huwapotosha wengi. “Wageni waliofika jana wanatoka Uganda” huzaa “The guests arrived yesterday are from Uganda,” kwa kufuata mfano wa “the books borrowed yesterday”. Lakini vitabu viliazimwa na mtu, wageni hawakufikwa na mtu. Umbo la tatu likisimama peke yake baada ya nomino huashiria kutendwa, na kitenzi kama “arrive”, “happen” au “die” hakina kauli hiyo. Andika “The guests who arrived yesterday”. Vipo vichache vilivyokwisha kuwa vivumishi, kama “fallen” katika “a fallen tree” na “retired” katika “a retired teacher”, na hivyo huzoewa kimoja kimoja. Ukitafuta ulinganisho katika lugha yetu, vinakaribiana na kauli ya kutendeka: mti ulioanguka, kikombe kilichovunjika. Kiingereza hutumia “a broken cup” kwa kikombe kilichovunjika na pia kwa kilichovunjwa, na hapo Kiswahili kina usahihi ambao Kiingereza hakina.

Kuhusu “interesting” na “interested”, au “boring” na “bored”, kanuni ni ile ile: somo linalochosha ni “boring”, mwanafunzi aliyechoshwa nalo ni “bored”.

Hatua ya tatu: panga nyakati

Patisipo haina njeo yake. Huazima wakati kwa kitenzi kikuu na kueleza tu kama jambo lake lilikwenda pamoja nacho, lilikitangulia au lilikifuata. Hapa viambishi vyetu vya “-ki-”, “-lipokwisha” na “-ka-” ni msaada mkubwa kuliko jedwali lolote la sarufi.

Pale ambapo ungetumia “-ki-” ya mambo yanayokwenda pamoja, “-ing” tupu inatosha. “Aliingia akilia” ni “She came in crying.” “Nilimwona akivuka barabara” ni “I saw him crossing the road,” yaani nilimkuta katikati ya kuvuka; ukiandika “I saw him cross the road”, umemwona mwanzo hadi mwisho. Usiogope vitenzi kama “know”, “believe” na “want” katika nafasi hii. Tumefundishwa kwamba haviandikwi “I am knowing”, na ni kweli, lakini katika kirai vinaruhusiwa kabisa: “Knowing the road, she drove without a map.” Kukanusha pia ni kwepesi, kwa kuweka “not” mbele: “Not knowing the road, she drove slowly.”

Lakini “-ki-” ina kazi nyingine, ya sharti, na hiyo haigeuki kuwa patisipo. “Ukifika stendi, nipigie simu” si “Arriving at the bus stand, call me.” Ni “When you arrive at the bus stand, call me,” au “If you arrive” ikiwa kufika kwenyewe kuna shaka. Ukiweza kuweka “kama” au “iwapo” mahali pa “-ki-” na maana ibaki, andika kishazi kamili.

Pale ambapo ungesema “alipokwisha”, yaani jambo moja limefungwa kabla ya jingine kuanza, tumia “having”. “Having studied law for four years, she returned to Arusha.” Ukiandika “Studying law for four years, she returned to Arusha,” msomaji atabaki akijiuliza alirejeaje huku bado anasoma. Matendo mawili mafupi yanayofuatana papo hapo hayahitaji “having”, ndiyo maana “Opening the drawer, he took out a letter” ni bora kuliko “Having opened the drawer”, ambayo inaleta pengo kati ya mkono na barua. Jinsi tendo la kwanza linavyokuwa refu, au jinsi pengo linavyokuwa pana, ndivyo “having” inavyozidi kustahili.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya chanjo, kwa kuwa tumepata vifaa vya kuitengeneza. Njia tatu zilikuwa wazi. “Having vaccinated the children, the nurses sent them home” inabadilisha kauli ya kirai: wauguzi ndio waliochanja, na wao ndio kiima, kwa hiyo habari inabaki ya wauguzi na kazi yao. “Having been vaccinated, the children were sent home” inabadilisha kiima: habari ni ya watoto, wauguzi wametoweka, na kwa ripoti inayohesabu watoto hilo halina ubaya. “After the children had been vaccinated, the nurses sent them home” inaacha patisipo kabisa na kuwataja wote wawili. Zote ni sahihi. Mwandishi alichagua ya kwanza, kwa sababu aya nzima ilikuwa ikieleza siku ya wauguzi tangu alfajiri, na kuwahamisha kutoka kwenye nafasi ya kiima kwa sentensi moja kungemfanya msomaji ageuze shingo bila sababu. Kanuni za sarufi zilituonyesha milango iliyokuwa wazi, na aya yenyewe ikatuonyesha upi wa kupita.

Umbo refu la “having been” lina bei yake, kwa hiyo lisitumiwe pale ambapo umbo la tatu peke yake linatosha. “Having been built in 1593” haisemi chochote ambacho “Built in 1593” haisemi. Litumie pale utangulizi wa wakati unapokuwa na uzito katika hoja: “Having been warned twice, he could not claim ignorance.” Hapo kuonywa kabla ndiko kunakomfunga.

Kisha ipo “-ka-”, yaani jambo linalozaliwa na lililotangulia. “Alianguka akavunjika mkono” huandikwa “He fell, breaking his arm,” kirai kikiwa mwishoni baada ya mkato. Umbo hili huenda vizuri pale jambo la pili linapokuwa tokeo la lile la kwanza au sehemu yake. Haliendi vizuri kwa matendo mawili yanayojitegemea: “Alikwenda sokoni akanunua samaki” ni “She went to the market and bought fish.” Samaki hawakununuliwa na safari. Na hapa kuna ruhusa moja ambayo inavunja kipimo cha hatua ya kwanza: katika “The bridge collapsed, cutting off two villages,” kilichovikata vijiji ni tukio zima la kubomoka, wala si daraja kama daraja. Ukiweza kusema kwa Kiswahili “jambo lililovifanya vijiji viwili vitengwe”, sentensi yako inakubalika.

Nina ombi moja kwa wanaoandika habari. Kirai cha mwishoni ni mahali pa jambo la chini, na bado tunasoma kila mara sentensi za mfano wa “The boat capsized, killing nine people.” Sarufi haina pingamizi. Lakini watu tisa wamewekwa nyuma ya mkato kama nyongeza ya habari ya mashua. “The boat capsized and nine people died” inawapa kitenzi chao wenyewe, na haigharimu nafasi ya maana.

Hatua ya nne: kirejeshi kifupishwe au kibaki?

Mara nyingi patisipo hukaa mara tu baada ya nomino, mahali pa kishazi chenye “who”, “which” au “that”: “the students sitting at the back” kwa “the students who are sitting at the back”. Swali ni lini ufupisho huo unaruhusiwa. Kiswahili kina jibu ndani ya kitenzi chake. Tazama “kitabu kilichoandikwa Lamu”: kiambishi cha kiima ni “ki-”, kirejeshi ni “-cho-”, na vyote viwili ni vya kitabu. Nomino inayoelezwa ndiyo kiima cha kitenzi, kwa hiyo Kiingereza kinaruhusu ufupisho: “a book written in Lamu”. Tazama sasa “kitabu nilichonunua Lamu”: kirejeshi ni “-cho-” cha kitabu, lakini kiima ni “ni-”, yaani mimi. Vimetofautiana, na hapo hakuna patisipo ya kutumia. Utaandika “the book that I bought in Lamu”, au utageuza kauli, “kitabu kilichonunuliwa nami”, ambayo huwa nzito bila sababu. Nimewafundisha watu kipimo hiki wakiwa wamekwisha kukata tamaa na jedwali la vitabu, na wamekielewa siku hiyo hiyo, kwa sababu wamekuwa wakikitumia tangu utotoni.

Hata viambishi vinapolingana, wakati unaweza kuzuia. “The boy who broke the window yesterday was punished” haifupishwi kuwa “the boy breaking the window yesterday”, kwa sababu “-ing” baada ya nomino hueleza hali inayoendelea au ya kudumu, na kuvunja kioo ni tendo moja lililokwisha. Vilevile usiandike “Students having finished their papers may leave.” Kwa nomino inayobainishwa namna hiyo, “Students who have finished their papers may leave” ndiyo inayokubalika.

Hatua ya tano: mkato

Mkato katika virai hivi hubadilisha idadi ya watu. “The passengers sitting in front were hurt” inasema walioumia ni wale tu waliokaa mbele. “The passengers, sitting in front, were hurt” inasema abiria wote walikaa mbele na wote waliumia. Kirai kinachobainisha ni yupi hakitengwi kwa mkato. Kinachoongeza tu habari juu ya anayejulikana hutengwa pande zote mbili. Kirai cha mwanzoni hufuatwa na mkato, na cha mwishoni hutanguliwa nao pale mmiliki wake anapokuwa kiima na si nomino iliyo karibu. Linganisha “He watched the children eating mangoes” na “He watched the children, eating mangoes.” Katika ya kwanza maembe yanaliwa na watoto, katika ya pili yanaliwa na mtazamaji. Maana inayotegemea alama ndogo kiasi hicho mahali penye uzito kama huo ni hatari; ikiwa hiyo ya pili ndiyo maana unayoitaka, kipeleke kirai mbele: “Eating mangoes, he watched the children.”

Hatua ya sita: watenda wakiwa wawili

Hutokea kwamba viambishi havilingani na bado unataka ufupi. Njia ya kwanza ni kumpa kirai kiima chake mwenyewe: “The rain having stopped, the children ran outside.” Ndiyo “mvua ilipokatika, watoto walikimbilia nje”, kila kitenzi na chake. Muundo huu ni sahihi, lakini una harufu ya maandishi rasmi ya zamani, na katika barua ya kawaida “When the rain stopped” inatosha. Njia ya pili ni “with”: “With the rain falling harder, they moved the chairs indoors.” Hii ni nyepesi na inafaa karibu kila mahali.

Viunganishi kama “while”, “when”, “once”, “if” na “although” vinaweza kutangulia patisipo ili kufafanua uhusiano: “Although written in haste, the letter is clear.” Lakini havimsamehi mtenda aliyepotea, kiima lazima kiwe yule yule. Na “because” haimo katika orodha hiyo. “Because being tired, I slept” si Kiingereza; sababu imekwisha kubebwa na patisipo, kwa hiyo andika “Being tired, I slept” au “Because I was tired, I slept.”

Maneno machache yamepata uhuru wao na hayaulizwi mtenda: “considering”, “regarding”, “judging by”, “given” na “generally speaking”. Yaache yalivyo. Katika makala za kisayansi utakuta pia “Using a thermometer, the temperature was measured every hour,” na majarida mengi huipitisha. Mimi huirekebisha kila inapowezekana, kwa kuwa “The temperature was measured every hour with a thermometer” ni fupi zaidi na haimwachi mtu akishika kipimajoto asiyejulikana.

Hatua ya saba: kwenye barua yenyewe

Kabla ya kuituma barua ya kuomba kazi, pitia mwanzo wa kila sentensi na uweke alama kila penye patisipo. Zikifuatana mbili, moja igeuze kuwa sentensi kamili, maana kusoma kwenyewe huwa kama kungoja basi mbili kwenye kituo kimoja bila kujua itakayotangulia. Ufunguzi wa “Referring to your advertisement, I wish to apply” uko sawa, kwa kuwa anayerejelea na anayeomba ni “I”. “Having worked in a district hospital for five years, I can manage a ward at night” ni sentensi nzuri: miaka mitano imekwisha kupita, na mtenda ni mmoja.

Angalia hasa mstari wa mwisho. Afrika Mashariki tumeirithi na kuipenda “Hoping to hear from you soon.”, ikifuatiwa na nukta. Zamani kirai hicho kilikuwa na kishazi chake mbele, “Hoping to hear from you soon, I remain, Yours faithfully,” na “I” ndiye aliyekuwa akitumaini. Desturi ya “I remain” ilipofifia, kirai kilibaki kikining’inia chini ya barua bila kitenzi kikuu wala kiima. Mpe mtu anayetumaini nafasi yake: “I hope to hear from you soon,” au “I look forward to hearing from you,” kisha uweke sahihi.